Nilipata 5.0 Ujerumani, nikashangilia

Juzi dada mmoja anayetangaza redio ya jamii huko Kigoma amenitumia ujumbe: "Kaka, nimepata chuo Ujerumani, masta ya mawasiliano na media za kidijitali. Kazini nimeshaaga. Nifanye nini kabla sijaondoka?" Nilimjibu kwa sauti, dakika kumi na moja nzima. Nilipojisikiliza nikagundua nimeruka sehemu ileile ninayoirukaga kila nikiulizwa swali hili, ile ya aibu. Basi leo naiandika.

Mimi niliondoka Oktoba 2021. Nilikuwa na miaka sita ya redio, shahada ya daraja la pili la juu, yaani apa sekondi ya 4.2, na kichwa kikubwa. Nilijua kuhariri sauti, nilijua kumbana mkuu wa wilaya hewani, kwa hiyo nilijiambia naenda kufuata cheti tu, kazi ninayo. Mtaani ndio kabisa. Kuna mzee wetu mmoja haachi kusikiliza Idhaa ya Kiswahili ya DW, redio ya Wajerumani yenye makao Bonn, ambayo iko hewani tangu 1963. Aliposikia nakwenda kusomea habari karibu na Bonn, aliniuliza nitaanza kusikika saa ngapi.

Ya viza nitayapita haraka. Kama huna ufadhili, pesa ya kujikimu unaiweka kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, unaachiwa kidogo kidogo kila mwezi. Wakati wangu ilikuwa euro 10,332 kwa mwaka, Septemba 2024 ikapandishwa kuwa 11,904, yaani 992 kwa mwezi. Na asikudanganye mtu kwamba ukifika utabeba maboksi yakusomeshe. Mwanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya ameruhusiwa siku 140 nzima za kazi kwa mwaka, basi. Nami nimeyabeba hayo maboksi, usiku, kwenye ghala la vifurushi. Asubuhi darasani nilikuwa nasikia sauti ya mhadhiri kama redio ya jirani.

Sasa darasa lenyewe. Nilitegemea kamera na studio, nikakuta Habermas. Huyu mwanafalsafa wa Kijerumani mwaka 1962 alieleza jinsi watu wa Ulaya ya karne ya 18 walivyokuwa wakikutana kwenye nyumba za kahawa, wakajadili mambo ya dola bila kumwogopa mfalme, na hapo yakazaliwa maoni ya umma. Nikasema moyoni, kumbe ni kijiwe! Laiti ningeandika hivyo. Badala yake nikatoa kurasa kumi na mbili juu ya Facebook na uchaguzi wa Marekani, nikidhani ndicho wasomi wanachotaka. Nikaunganisha maneno ya watu vilevile tulivyokuwa tukiunganisha madesa chuoni.

Matokeo yakatoka Machi. 5,0.

Wewe uliyesoma Tanzania unajua 5.0 ni nini. Ndiyo GPA ya mwisho juu, hakuna inayopita hapo. Nilipiga kelele peke yangu chumbani. Nikaweka picha kwenye stetasi ya WhatsApp, nikamtumia mama, nikamtumia na bosi wangu wa zamani, akanijibu kwa neno moja: "Kipanga!" Jioni tuko jikoni bwenini, kijana wa Colombia niliyekuwa nikiishi naye akaiona, akaniuliza kwa upole, unarudia lini?

Ujerumani namba zimepinduliwa. 1.0 ndiyo kilele, 4.0 ndio mpaka wa kufaulu, 5.0 umefeli. Hata ile 4.2 yangu ya kujivunia walishaipigia hesabu zao ikawa 1.8. Wangeisoma kama ilivyo, hata mlangoni nisingefika. Nilikuwa nimepata sapu na nimeitangazia dunia. Stetasi nikaifuta, lakini watu 64 walishaiona, na mpaka leo sijui wangapi walijua.

Chini ya insha mhadhiri alikuwa ameandika: "Makala nzuri ya gazeti. Swali lako ni lipi?" Sentensi hiyo iliniuma kuliko namba. Miaka sita ya kazi, mtu anaifupisha hivyo! Bado inaniuma kidogo, nisiseme uongo. Lakini swali sikuwa nalo kweli.

Lilikuja Mei, bila kulitafuta. Tulikuwa tunajadili sheria yao ya mitandao, iliyoanza kutumika kikamilifu Januari 2018, iliyokuwa ikitaka mitandao mikubwa iondoe maudhui yaliyo wazi kuwa ni ya kihalifu ndani ya saa 24, la sivyo faini ingeweza kufika euro milioni 50. Wenzangu wanalalamika uhuru unabanwa. Nikainua mkono. Nikawaambia mwaka huohuo kwetu zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, muda wa kuondoa ulikuwa saa 12, na kabla ya kuandika chochote bloga alitakiwa atoe shilingi milioni 2.1 za ada na leseni. Mimi nilikuwa na blogu ya kata yetu, ya habari za maji na barabara. Haikuwa ikiniingizia hata hela ya bando. Niliifunga mwenyewe usiku mmoja, nikaenda kulala.

Darasa lilitulia. Yule mhadhiri wa "swali lako ni lipi" akasema, hilo hapo.

Nikarudia insha nikapata 2.3. Tasnifu nikaandika juu ya mabloga wadogo waliofunga 2018 na wapi walihamia: wengi kwenye magrupu ya WhatsApp, ambako hakuna leseni na hakuna anayewahariri. Nilipata 1.3. Safari hii nilijua inasomwaje.

Kwa hiyo dada, na ninyi wengine mnaojiandaa: nendeni na swali. Fungua kitabu cha masomo kwenye tovuti ya chuo, hesabu masomo ya nadharia na ya vitendo, mimi sikufungua. Halafu nenda na swali. Sisi watu wa redio tuna kiburi cha mikrofoni, tumezoea kuuliza wengine na sisi wenyewe hatujiulizi, na tukifika Ulaya tunaficha kwetu kana kwamba ni uchafu. Unayeijua Kigoma ni wewe, wao hawaijui. Usiende kuwaeleza Facebook. Andika swali lako kwenye karatasi kabla hujakata tiketi, hata kama ni baya. Nitumie nilione.

Stetasi ilifutika, ila mama aliipeleka ile picha kwa mpiga chapa, ikachapwa kwa rangi. Iko sebuleni, juu ya televisheni. Wageni huambiwa kijana alipata tano kwa Wajerumani, nami huitikia kwa kichwa na kuomba chai.