Nilinunua redio ya volti 4 ili kufukuza mluzi

Ukiagiza gari Japani linakuja na redio yake, na karaha yake unaijua: maandishi ya Kijapani, na FM inayoanzia 76 ikaishia 90, wakati stesheni kibao za hapa Dar ziko juu ya 90. Wengine hufunga kile kidude cha kushusha masafa wakaridhika. Mimi kwenye IST yangu nilivumilia miezi miwili, nikaenda Kariakoo kutafuta redio nyingine, na huko ndiko nilikoanza kusikia habari za volti.

Muuzaji aliniwekea boksi mbili kwenye kaunta. "Kaka, hii volti 2, hii volti 4. Hii ya 4 inapiga balaa." Tofauti ya bei ilitosha kujaza tangi. Nikachukua ya volti 2, nikajiona mjanja. Siku hiyohiyo fundi akanifungia amplifaya ya chaneli nne kwenye buti, mbili zikilisha spika za mlangoni na twita (vile vispika vidogo vya sauti nyembamba), mbili zikaunganishwa kulisha sabufa.

Nilipowasha gari kuondoka, mluzi. Ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka, kama mbu aliyeamua kusafiri na wewe. Kwenye foleni ya barabara ya Mandela, redio ikiwa chini, ulinichosha kuliko foleni yenyewe. Nikasema basi, muuzaji alikuwa sahihi, shida ni volti. Baada ya miezi mitatu nikarudi kununua ile ya volti 4. Nilijiona kama mluzi umepungua kidogo, lakini ulikuwepo, na hela ilishakwenda.

Ningejua mapema hizo volti ni za nini, nisingenunua redio mbili. Nyuma ya redio sauti inatokea sehemu mbili. Kuna nyaya zinazokwenda moja kwa moja kwenye spika, zikitumia amplifaya ndogo iliyomo ndani ya redio yenyewe. Halafu kuna yale matundu ya RCA ya kupelekea sauti kwenye amplifaya ya nje. Volti 2, 4 au 5 zilizoandikwa kwenye boksi ni za matundu ya RCA tu. Kama huna amplifaya ya nje na huna mpango nayo, usiongeze hata shilingi kwa ajili ya hizo volti, maana hutazitumia. (Na ile "50W x 4" inayong'aa kwenye boksi usiichukulie kama ilivyo. Redio ya kawaida inatoa kama wati 15 hadi 20 za kweli kwa kila chaneli.)

Ukiwa na amplifaya ya nje, nguvu inayosukuma spika inatoka kwenye amplifaya, si kwenye redio. Kwa hiyo redio ya volti 4 haipigi kuliko ya volti 2. Faida yake ni nyingine. Ule waya wa RCA unasafiri kutoka kwenye dashibodi hadi kwenye buti, mita kadhaa, ukipita karibu na nyaya za umeme, na njiani unaokota uchafu wa umeme. Chukua mfano wa uchafu wa milivolti 2. Redio ikituma volti 2, muziki ni mara 1,000 ya uchafu, yaani desibeli 60. Ikituma volti 4, muziki ni mara 2,000, desibeli 66. Uchafu ni uleule, ila sasa unaweza kupunguza geini ya amplifaya (kiasi inavyokuza kile inacholetewa) kwa nusu ukapata sauti ileile, na uchafu nao ukapungua kwa nusu. Basi. Desibeli 6, na unazipata pale tu utakapoishusha hiyo geini. Ukifunga redio ya volti 4 ukaiacha geini ilipokuwa, umeongeza sauti ya muziki. Uchafu uko palepale.

Hapo kwenye geini ndipo nilipoliwa. Nilipofungua buti na kuangalia amplifaya, ile skrubu ndogo ya geini ilikuwa imezungushwa mpaka mwisho. Fundi alifanya hivyo "ili ipige". Mafundi wengi wanaichukulia geini kama sauti, na wateja tunaipenda hivyo kwa sababu ukifungua redio kidogo tu gari linatikisika. Lakini geini kazi yake ni kuiambia amplifaya itegemee volti ngapi kutoka kwenye redio. Yangu imeandikwa 0.2V upande mmoja na 6V upande wa pili. Ikiwa kwenye 0.2, amplifaya inafika mwisho wa nguvu zake kwa volti 0.2 tu. Ukiipa 2 inapasuka sauti, na twita ndizo hutangulia kuungua. Sasa piga hesabu: kutoka 0.2 hadi 2 ni mara kumi, desibeli 20. Yaani kwa redio yangu ya kwanza, ile ya bei nafuu, bisibisi ya buku mbili ingepunguza uchafu kuliko redio mpya niliyoikimbilia.

Tangu hapo geini naiweka kwa mita, siweki kwa sikio. Naweka kwenye flashi mlio mmoja wa hezi 50. Mita za bei rahisi huanza kudanganya milio ikiwa ya juu, ndiyo maana natumia huo wa chini. Nachomoa spika zote kwenye amplifaya, nazima besi za ziada na madoido yote ya redio, nazima na vichujio vya amplifaya, la sivyo itaukata huo mlio kabla haujafika. Redio naipandisha hadi robo tatu, kwangu ni 30 kati ya 40, na geini naanza nayo chini kabisa. Mita inakaa kwenye volti za AC, kwenye matundu ya spika. Namba ya kufikia unaipata kwa kuzidisha wati na omu (ukinzani wa spika), kisha kutafuta kipeuo cha pili cha jibu. Wati 75 kwa omu 4 ni 300, kipeuo chake volti 17.3. Sabufa ya wati 300 kwa omu 4 ni volti 34.6. Unazungusha skrubu taratibu mpaka mita isome hapo, unaacha. Mara ya kwanza utaona sauti imepungua na utataka kumrudia fundi. Subiri siku mbili sikio lizoee.

Mluzi wenyewe je? Huo ulikuwa kitu kingine kabisa. Kuna kipimo kimoja kisicho na gharama: injini ikiwa inaunguruma, punguza sauti ya redio hadi sifuri. Mluzi ukiisha, unaingia kwenye redio yenyewe au kabla yake. Ukibaki vilevile, unaingia baada ya redio, yaani kwenye waya wa RCA au kwenye amplifaya. Wangu ulibaki vilevile. Nikafuata waya wa hasi wa amplifaya, nikaukuta umefungwa chini ya bolti ya siti, juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme vizuri, na umeme wa alteneta ukikosa njia nzuri ya kurudi unatafuta nyingine, na hiyo nyingine ni waya wako wa RCA. Nikakwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, ukubwa wa sarafu ya mia mbili, nikafunga upya. Waya mnene wa betri nao nikauhamishia upande wa dereva, RCA ikabaki upande wa abiria, maana fundi alikuwa amezifunga pamoja kama kamba za kuni.

Niliwasha gari, nikakanyaga. Kimya. Nikakanyaga tena, maana sikuamini.

Ndipo nikairudisha ile redio ya volti 2 kwa siku moja ili nijiridhishe, na geini nikaipima upya. Usiku nyumbani, injini imezimwa, wimbo umesimamishwa: kwa volti 2 nasikia twita zikivuta pumzi, shiii ndogo, nikiwa nimekaa kwenye siti ya dereva. Kwa volti 4 inabidi nisogeze sikio mlangoni. Kesho yake njiani, AC imewashwa, malori pembeni, sikuona tofauti yoyote. Kwa hiyo tofauti ipo, ila ni ya mtu mwenye gari tulivu na spika nzuri, anayependa kusikiliza akiwa ameegesha.

Mawili ya tahadhari. Kabla ya kununua redio ya volti 5, soma kijitabu cha amplifaya yako kuona inapokea mwisho volti ngapi, maana zipo zinazoishia 4, na ukizizidishia zinapasua sauti hata geini ikiwa chini. La pili, usichomeke wala kuchomoa RCA gari likiwa na umeme. Chomoa hasi ya betri kwanza. Baadhi ya redio zina fyuzi ndogo mno ndani, kwenye upande wa hasi wa hayo matundu, na ikikatika unapata mluzi ambao msasa hautausaidia. Redio za skrini za Android nyingi hata hazisemi zinatoa volti ngapi. Hizo nenda na mita dukani, kama muuzaji atakuvumilia.

Juzi shemeji kanipigia, kafunga sabufa, anataka nimsindikize Kariakoo kutafuta redio ya volti 5 kwa sababu ya mluzi. Nikamwambia awashe gari, apunguze redio hadi sifuri, aniambie anasikia nini.

"Bado upo."

"Njoo nyumbani kwanza. Msasa ninao."