Usimwongezee mzee dawa ya pili kwa sasa

Pole kwa kuuguliwa na baba, dada. Umeuliza kama umwongezee dawa nyingine ya "kulinda ubongo" juu ya alizoandikiwa baada ya kiharusi. Hapana, usimwongezee.

Wazo lenyewe si baya. Damu ikikatika, seli za ubongo hufa kwa njia nyingi kwa mpigo: glutameti (kemikali ya kupitisha ujumbe kati ya seli za ubongo) humwagika, kalsiamu huingia kupita kiasi, kisha huja uvimbe. Dawa moja huziba njia moja tu. Ila dawa nazo hugombana. Katika jaribio la nerinetaidi, dawa ya kulinda ubongo, lililochapishwa mwaka 2020, dalili za nafuu zilionekana kwa wasiopewa alteplesi, ile ya kuyeyusha damu iliyoganda. Waliopewa zote mbili hawakuipata, kwani alteplesi huchochea kimeng'enya kinachoikatakata nerinetaidi. Na hao walikuwa mikononi mwa mabingwa!

Aspirini pamoja na klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande, hutumika, lakini kwa kiharusi kidogo kisicho cha kuvuja damu, mara nyingi siku 21, kwa amri ya daktari. Ukijiongezea mwenyewe, damu inaweza kuvuja kichwani. Mwonyeshe daktari kila anachomeza, hata mitishamba. Mdomo ukipinda au ulimi ukiwa mzito tena, mkimbizeni hospitali papo hapo. Kwa kawaida alteplesi hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze.