Ukoo wa Wakweka wa kwanza Marekani: tafuta mkutano kabla ya jina

Ukiandika jina tu kwenye kisanduku cha kutafutia, utaletewa akina John Evans na Thomas Jones rundo zima, na kila mmoja ana wajukuu mtandaoni wanaomgombania. Kwa Wakweka wa karne ya 17 na 18, yaani Marafiki, njia hiyo huishia kwenye babu wa kuazima. Swali la kwanza ni hili: mtu huyu alikuwa chini ya mkutano gani wa mwezi, na mwaka gani?

Msomaji aliyelelewa katika Kanisa la Marafiki kule Kaimosi au Vihiga ataelewa mara moja, kwa sababu wamisionari waliofika Kaimosi mwaka 1902 walikuja na mpangilio uleule. Ibada ilikuwa ya mahali, juu yake mkutano wa mwezi, kisha wa robo mwaka, kisha wa mwaka. Mkutano wa mwezi ndio ulioshika vitabu: vizazi na vifo, ndoa, vyeti vya kuhama, na kumbukumbu za vikao. Marafiki hawakubatiza, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta rejista za ubatizo. Hata makaburini hutavuna sana, maana jiwe lenye jina walilihesabu kuwa majivuno na mengi ya makaburi yao ya awali hayana alama yoyote.

Anza na yule unayemjua kwa ushahidi, kisha rudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Andika kata na kaunti aliyoishi, halafu uliza ni mkutano upi uliohudumia eneo hilo mwaka huo, si leo. Mikutano ilizaana. Exeter kule Pennsylvania ulitengwa kutoka Gwynedd mwaka 1737, na mwanzoni uliitwa Oley. Familia iliyokaa shamba lilelile bila kuhama hata hatua moja itakuwa Gwynedd mwaka 1730 na Exeter mwaka 1740. Wanaodhani babu alihama, kumbe kilichohama ni kitabu, ni wengi.

Kabla ya kufungua kitabu chochote, jifunze kalenda yao. Hapa ndipo wengi huharibu, na sisi tunaosema "mwezi wa saba" tukimaanisha Julai tumo hatarini kuliko wengine. Marafiki walikataa majina ya miezi yenye asili ya miungu ya kipagani wakatumia namba. Hadi mwisho wa 1751, mwaka wa kisheria wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi, na mwezi wa kwanza ulikuwa Machi. Basi mwezi wa 2 ni Aprili, wa 7 ni Septemba, wa 8 Oktoba, wa 9 Novemba, wa 10 Desemba, wa 11 Januari, na wa 12 ni Februari. Kuanzia 1 Januari 1752 mwezi wa kwanza ukawa Januari kama tunavyohesabu sasa. Mwaka huohuo, baada ya tarehe 2 Septemba ilifuata tarehe 14, siku 11 zikarukwa.

Mfano halisi ni Squire Boone, babake Daniel Boone, yule mwindaji mashuhuri wa Kentucky. Alimwoa Sarah Morgan pale Gwynedd siku ya 23 ya mwezi wa 7, 1720. Tafuta mtandaoni uone ni mara ngapi imeandikwa 23 Julai. Ilikuwa 23 Septemba.

Kosa la mwaka ni baya zaidi kwa kuwa halionekani. Tuseme mtu amezikwa mwezi wa 11, 1714. Aliyetengeneza faharasa anajua kwamba mwezi wa 11 ni Januari, anaandika "Januari 1714" na kuendelea. Kwa hesabu yetu ilikuwa Januari 1715. Sasa marehemu anaonekana akisaini hati ya ndoa ya bintiye mwezi wa 8, 1714, miezi tisa baada ya kuzikwa, na watafiti wanamzulia mdogo wake mwenye jina lilelile ili hesabu ikae sawa. Huyo mdogo hakuwahi kuzaliwa. Dawa yake ni kunakili tarehe kama ilivyo kwenye kitabu, kisha pembeni uandike tafsiri yako kwa mwaka wenye mkwaju (alama ya /), 1714/15, kwa kila tarehe inayoangukia kati ya 1 Januari na 24 Machi. Machi ndiyo yenye utata, kwa sababu baadhi ya makarani walibadilisha mwaka mwezi ulipoanza bila kusubiri tarehe 25. Hapo angalia maingizo ya juu na ya chini katika ukurasa huohuo.

Sasa hati zenyewe. Cheti cha kuhama ndicho chenye thamani kubwa kwa anayetaka kuvuka bahari. Rafiki aliyehama alipewa barua na mkutano wake ikisema ana mwenendo mwema, hana deni la aibu, na kama ni kijana, hajafungwa na uchumba mahali pengine. Mkutano wa kule alikofika uliipokea na kuiandika. George Boone, baba wa Squire, mfumaji kutoka Bradninch huko Devon, alileta Gwynedd mwishoni mwa 1717 cheti kutoka mkutano wa Cullompton. Mstari mmoja, na umeshajua ufungue vitabu vya kijiji gani Uingereza. Ila usichanganye tarehe tatu: ya kuandikwa cheti, ya kusafiri, na ya kupokelewa. Kati ya ya kwanza na ya mwisho unaweza kupita mwaka. Cheti kilichotolewa kisipoonekana kupokelewa popote, mwenyewe huenda alifia njiani, au alibadili mawazo akaenda kwingine.

Ndoa nayo iliacha karatasi nyingi. Wachumba walitangaza nia yao katika vikao viwili vya mwezi vilivyofuatana. Baada ya kikao cha kwanza waliteuliwa watu, wanaume kwa upande wa bwana na wanawake kwa upande wa bibi, wachunguze kama hakuna kizuizi na wazazi wameridhia. Kwa hiyo ndoa moja unaisoma mara tatu katika kumbukumbu, tena katika vitabu viwili, kwa kuwa wanawake walikuwa na kikao chao na kitabu chao. Watu hukiruka kitabu cha wanawake, na ndicho mara nyingi kinachotaja mama wa bibi arusi.

Hati ya ndoa ilisainiwa na waliohudhuria, wakati mwingine watu wengi kuliko unavyotarajia. Tazama safu iliyo chini ya majina ya maharusi, kwa kawaida upande wa kulia. Huko ndiko ndugu walikosaini. Safu nyingine ni majirani na washiriki. Usimfanye kila shahidi kuwa mjomba. Baba asipoonekana, usimzike haraka. Rudi kwenye kumbukumbu usome kama ridhaa ilitolewa na mama peke yake au na mlezi.

Kutengwa, yaani kuondolewa katika ushirika wa Marafiki, ndiko kunakowaumiza wajukuu na kuwafurahisha watafiti. Aliyeoa nje ya Marafiki, au aliyefungishwa ndoa na kasisi, aliitwa ajieleze. Akiandika barua ya kukiri kosa, alibaki, akikataa, alitengwa. Binti wa Squire Boone, Sarah, aliolewa nje mwaka 1742 na wazazi wakahojiwa. Mwana wa Squire, Israel, akafanya vilevile mwaka 1747. Safari hii Squire alikataa kujutia, akatengwa mwaka 1748, na mwaka 1750 familia ikaondoka kuelekea North Carolina. Anayemtafuta Squire katika vitabu vya Marafiki baada ya hapo hapati kitu. Ni wakati wa kugeukia ardhi, mahakama na wosia. Kumbuka pia kwamba mume aliweza kutengwa na mke akabaki mshiriki, au kinyume chake, hivyo tafuta kila mtu peke yake. Ingizo la kutengwa kwa binti mara nyingi ndilo pekee linaloweka jina lake la kuzaliwa na la ndoa pamoja.

Wengi wataanzia kwenye ensaiklopidia ya William Wade Hinshaw, mwimbaji wa opera aliyegeuka mtafiti wa nasaba, iliyoanza kutoka mwaka 1936. Ni msaada mkubwa, lakini ni muhtasari tu. Buku la 2 linagusa mikutano minne: Philadelphia, Falls, Burlington na Salem. Kaunti ya Chester, ambako walowezi wengi walijazana, haimo, na kumkosa mtu humo hakuthibitishi lolote. Vifupisho vyake vinachosha mwanzoni: "mou" na "mcd" ni ndoa iliyovunja utaratibu, "dis" ametengwa, "con" amekiri kosa, "gct" amepewa cheti cha kwenda mahali fulani, "rcf" amepokelewa kwa cheti kutoka mahali fulani. Tarehe ya "mou" ni ya kikao. Ndoa ilishafungwa, pengine miezi kadhaa nyuma.

Ukishapata ingizo, nenda kwenye picha ya ukurasa halisi. Tangu 2014 vitabu vingi vimo kwenye Ancestry, tovuti ya nasaba, lakini faharasa yake hukosea majina, basi fungua kitabu cha mkutano husika ufunue kurasa kwa mkono. Vitabu vingi vya asili vya Pennsylvania na New Jersey viko katika vyuo vya Swarthmore na Haverford, vya North Carolina viko chuo cha Guilford. Mfarakano wa 1827 miongoni mwa Marafiki wenyewe uligawa mikutano kati ya pande mbili, Waothodoksi na Wahiksi (wafuasi wa Elias Hicks), na baadhi ya vitabu vya zamani vilinakiliwa ili kila upande uwe na chake. Nakala hiyo ya baadaye haina uzito wa kitabu cha karani wa 1700.

Upande wa Uingereza, rejista za Marafiki zilikabidhiwa serikalini mwaka 1840 na 1857 na leo ziko katika Hifadhi ya Taifa ya nyaraka, Kew, London, katika mfululizo wa RG 6. Kwa Wawelisi waliojaa Merion, Haverford na Radnor huko Pennsylvania, angalia jina la baba: Edward ap John ("ap" ni mwana wa) anaweza kuonekana Pennsylvania kama Edward Jones, na nduguye wa tumbo moja akawa na jina jingine kabisa.

Kuhusu meli Welcome iliyomleta William Penn, mwanzilishi wa Pennsylvania, mwaka 1682, tahadhari. Orodha ya awali ya abiria haipo; zinazosambaa ziliundwa baadaye kutokana na wosia na karatasi nyingine. Abiria walikuwa takriban 100, na karibu 30 walikufa kwa ndui baharini. Kwa idadi ya watu wanaodai kutoka kwa abiria hao, meli ingezama bandarini. Afadhali ufuate ardhi: Penn aliuza ekari 5,000 kwa pauni 100, na kila shamba liliacha hati tatu, yaani amri ya kupima, upimaji wenyewe, na hatimiliki. Ziko katika hifadhi ya nyaraka ya jimbo, Harrisburg. Tena, kuzikwa na Marafiki wa Philadelphia si ushahidi wa ushirika, kwani waliandika pia maziko ya watu wasiokuwa wao.

Wenye asili ya watumwa wa Kiafrika nao wasivipite vitabu hivi. Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia ulipiga marufuku kumiliki watumwa mwaka 1776, na hati za kuwaacha huru za miaka ya 1770 zilihifadhiwa na mikutano ya mwezi. Humo kuna jina la aliyeachwa huru, la aliyemmiliki, na mara nyingi umri. Watoto waliahidiwa uhuru wakifika umri uliotajwa, kwa kawaida 21 kwa mvulana na 18 kwa msichana. North Carolina ni tofauti: sheria ilizuia kuwaacha huru, hivyo kuanzia 1808 Mkutano wa Mwaka wenyewe ulipokea watumwa kwa dhamana. Huko mtu anaweza kuonekana kama mali ya Marafiki wakati kwa vitendo aliishi karibu kama huru, na karatasi zake zitakuwa katika faili za kamati ya Mkutano wa Mwaka, si katika vitabu vya mkutano wa mwezi.