Muulize Mzee wa Vitabu: Sembène na kamera yake

SWALI: Shikamoo Mzee. Nimesoma riwaya ya Ousmane Sembène wa Senegal kuhusu mgomo wa reli. Rafiki yangu anashikilia kwamba huyo huyo alitunga filamu na kuigiza pia. Nimebisha mpaka tumewekeana dau. Na kama ni kweli, kwa nini aliacha riwaya?
Mpenda Vitabu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Dau limekwenda, mlipe mwenzio.

Sembène alizaliwa Ziguinchor mwaka 1923, shule hakufika mbali, akawa kuli wa bandari Marseille. Riwaya yake ya kwanza, ya 1956, inamhusu kuli. Hiyo ya reli ilitoka 1960. Ila zote ni za Kifaransa, na makuli na mafundi reli aliowaandika, wengi wao hawakuweza kuzisoma. Hapo ndipo kamera ilipoingia. Akaenda Moscow kusomea filamu, mtu mzima anayekaribia miaka 40.

Itafute Mandabi ya 1968, aliyoitoa kwenye riwaya yake fupi. Humo watu wanazungumza Kiwolof. Ibrahima Dieng anatumiwa hawala ya posta ya faranga 25,000 na mpwa wake anayefagia barabara Paris. Kusoma hajui, hivyo anampa barua msomaji wa kulipwa pale posta. Mtazame vizuri huyo msomaji: ndiye Sembène! Anamsomea: hizi za mama, hizi zako kidogo, zilizobaki niwekee. Basi, balaa linaanza. Hawala haitoki bila kitambulisho, kitambulisho hakitoki bila cheti cha kuzaliwa, na wakopaji wameshajaa mlangoni kabla hajashika hata senti.

Kwenye La Noire de… ya 1966 yumo pia, mwalimu anayemwandikia barua mama asiyejua kuandika. Uigizaji wake si wa kutisha, tuseme ukweli. Lakini mara zote mbili kajipa kazi ya kuwasomea na kuwaandikia wengine, na mimi siamini kwamba alikosa waigizaji.

Kuacha riwaya? Hakuacha. Xala, ya tajiri anayeoa mke wa tatu na usiku wa harusi mwili ukamgomea, ilitoka kitabu 1973, filamu 1975. Anza na kitabu. Ukitangulia filamu, sura ya yule bwana harusi haitakutoka kichwani, na mimi ningependa umchore mwenyewe kwanza.