Maswali ya Wasomaji: Shule ya Umma au ya Kibinafsi?

Swali: Binti yetu anaingia Gredi 1 Januari. Mimi na mume wangu tunabaki na shilingi 85,000 kwa mwezi baada ya makato. Nimeona shule ya kibinafsi Donholm, karo 27,500 kwa muhula, watoto 28 darasani. Mume wangu anataka shule ya umma iliyo karibu na nyumbani, lakini nasikia darasa moja lina watoto 70. Tuna mwingine wa miaka 3. Tufuate lipi? *Mama wa wawili, Umoja*

Jibu: Mama, hiyo 27,500 ni karo tu. Rudi kwenye shule hiyo uombe karatasi yenye malipo yote ya mwaka. Tuseme basi ni 9,000 kwa muhula na chakula 6,500. Muhula umeshafika 43,000, na mihula mitatu ni 129,000. Ongeza sare, treki, vitabu, ada ya kujiunga na safari za darasa, tukadirie 25,000. Mwaka wa kwanza unakula 154,000, yaani karibu 12,800 kila mwezi. Mdogo wake akimfuata, mtakuwa mnatoa zaidi ya 25,000 kwa mwezi kati ya zile 85,000, hata karo isipopanda. Hapo ndipo wazazi wengi huanguka. Mwaka wa kwanza na wa pili hulipa vizuri, kisha kodi ya nyumba inaongezwa au mmoja anapoteza kazi, mtoto anarudishwa nyumbani katikati ya muhula, ripoti inazuiliwa, na mwishowe anahamishwa Juni akiwa na deni mgongoni. Mtoto huumia zaidi kwa kuhamahama hivyo kuliko kwa kuanza shule ya umma na kutulia.

Kwa upande wa umma, masomo ya msingi hayana karo tangu 2003. Serikali hutuma shilingi 1,420 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka mzima na kuleta vitabu vya kozi. Gawanya pesa hizo kwa mihula mitatu utaelewa kwa nini unaombwa rimu za karatasi. Chakula cha mchana kupitia Dishi na County, mpango wa Kaunti ya Nairobi ulioanza 2023, ni shilingi 5 kwa sahani, na mtoto hulipia kwa bangili ya mkononi. Kwa siku 180 hivi za masomo, hiyo ni shilingi 900 kwa mwaka.

Hata hivyo, hofu yako kuhusu darasa la watoto 70 si ya bure. Kipindi cha Gredi 1 ni dakika 30. Mwalimu akitaka kumsikiliza kila mtoto akisoma, kila mmoja anapata sekunde 25. Wakiwa 28, anapata zaidi ya dakika moja. Idadi ya watoto huwa na uzito mkubwa zaidi katika Gredi 1 hadi 3, kwa sababu hapo ndipo mtoto hujifunza kusoma. Asiyesoma vizuri akiingia Gredi 4 atabaki nyuma katika kila somo, hata Hisabati, maana swali lenyewe hataweza kulisoma.

Kwa hiyo usiamue kwa uvumi. Nenda shuleni siku ya kazi, wakati wa mapumziko ya saa nne, umwombe mwalimu mkuu akuonyeshe madaftari matatu ya watoto wa Gredi 1. Angalia tarehe. Kazi ya mwisho ilisahihishwa lini? Herufi iliyogeuzwa, b badala ya d, imerekebishwa au imepigwa tiki tu? Uliza Gredi 1 ina mikondo mingapi na idadi ilikuwa ngapi Februari, wala si siku ya kufungua, kwa kuwa watoto huendelea kuingia wiki kadhaa baadaye. Uliza walimu wangapi wameajiriwa na TSC, tume ya serikali ya walimu, na wangapi wanalipwa na bodi ya shule. Mwalimu wa bodi anaweza kuwa hodari, lakini huondoka ghafla akipata kazi ya kudumu. Kagua vyoo pia. Kisha fanya hayohayo Donholm. Kuna shule za kibinafsi ambako watoto 28 wanafundishwa na mtu asiye na nambari ya TSC, ilhali sheria inamtaka kila mwalimu asajiliwe, wa umma na wa kibinafsi.

Kama mmoja wenu huwa nyumbani kufikia saa kumi na mbili jioni, sisi tungemwandikisha shule ya umma. Mpeni dakika 20 za kusoma kila jioni ya siku ya shule: 10 za Kiswahili mkianza na silabi, ba be bi bo bu, na 10 za Kiingereza. Kiswahili kitangulie kwa kuwa huandikwa kinavyotamkwa, na mtoto hupata ushindi haraka. Mwisho wa muhula wa pili awe anasoma sentensi fupi ambayo hajawahi kuiona. Akishindwa, msingoje. Ongeeni na mwalimu wa darasa, na mkiona hakuna mabadiliko, mhamisheni mwanzoni mwa Gredi 2. Wakati huohuo wekeni 5,000 kila mwezi. Karo ya shule ya bweni ya kitaifa ni 53,554 kwa mwaka, na mwaka mmoja wa akiba hiyo unailipa.

Lakini kama nyote mnafika saa mbili usiku kwa msongamano wa Jogoo Road na mtoto tayari amelala, hesabu inageuka. Darasa dogo litamfaa zaidi, na hapo mkatafute shule ya kibinafsi ya karibu asikohitaji basi. Mtaokoa 27,000 kwa mwaka.

Swali: Kijana wangu yuko Gredi 7 katika shule ndogo ya kibinafsi hapa Kayole. Nimesikia haijasajiliwa kwa sekondari msingi. Nitajuaje, na je, nimhamishe? *Baba Gredi 7*

Jibu: Omba kuona cheti cha usajili cha Wizara ya Elimu, na usome ngazi zilizotajwa humo. Shule inaweza kuwa imesajiliwa kwa msingi pekee. Usikubali kuonyeshwa cheti cha usajili wa biashara, hicho hakiruhusu mtu kufundisha. Ukiwa na shaka, peleka jina la shule kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Uliza pia watahiniwa wa Gredi 9 hufanyia mtihani wapi. Wakiwa wanapelekwa shule nyingine, wakueleze sababu kwa maandishi.

Jambo hili lisingoje Gredi 9. Alama za kuingia sekondari pevu, yaani Gredi 10, hujumlishwa hivi: KPSEA, mtihani wa Gredi 6, asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi 7 na 8 asilimia 20, na KJSEA, mtihani wa Gredi 9, asilimia 60. Tathmini za shuleni ndizo hupotea shule ikiwa haina mpangilio, au mtoto akihamishwa ovyo. Mwombe mwalimu akuonyeshe nambari ya tathmini ya kijana wako kutoka KNEC, baraza la mitihani, na alama zilizokwisha kuingizwa.

Kagua na maabara. Sayansi Jumuishi bila mikroskopu, kichomeo cha gesi wala kemikali ni kunakili ubaoni. Shule nyingi za umma nazo zina upungufu huo, hivyo usihame kabla ya kuiona unakokwenda. Jengo pia. Septemba 2019 darasa la shule ya kibinafsi liliporomoka Ng'ando, Dagoretti, na watoto wasiopungua saba wakafa. Ukiona ghorofa ya mbao na mabati juu ya watoto wengine, mwondoe, hata kama ni katikati ya muhula.

Kwa sababu nyingine yoyote, hamisha Januari. Chukua barua ya uhamisho, ripoti zote, nakala ya cheti cha kuzaliwa na nambari ya tathmini. Hakikisha shule ya zamani imemwachilia katika NEMIS, mfumo wa serikali wa kuandikisha wanafunzi, ambao sasa unapisha mfumo mpya wa KEMIS. Asipoachiliwa, shule mpya ya umma haitapata mgao wake, na utaanza kuzungushwa.

Swali: Shule ya umma inadai 2,000 za motisha kwa walimu, na wiki jana mtoto alirudishwa nyumbani. Ni halali? *Mzazi, Kariobangi*

Jibu: Kumrudisha si halali. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kumfukuza mtoto kwa kukosa malipo ya ziada, inataka malipo hayo yawe na kibali cha Waziri, na kila pesa itolewe risiti rasmi. Mrudishe darasani kesho ukiwa naye. Mwombe mwalimu mkuu, kwa adabu, kumbukumbu za mkutano ulioidhinisha pesa hizo. Zisipopatikana, andika barua kwa mwenyekiti wa bodi na nakala kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, ukitaja tarehe na kiasi. Barua ya wazazi watano hujibiwa upesi kuliko ya mmoja.