Maswali ya Fedha: Naamka saa tisa usiku, mbona sisogei?

SWALI: Habari za kazi. Huu ni mwaka wa nne nauza chapati Mbagala, siku sita kwa wiki. Naamka saa tisa usiku, kulala saa nne. Kwa siku nasukuma unga kilo 10, zinatoka chapati 110 hivi, moja nauza 500. Unga ni 1,800 kwa kilo, mafuta 9,000, mkaa 4,000, chumvi, sukari na mifuko 1,000. Nabaki na 23,000 lakini siioni. Kibanda ni 52,000 kwa mwezi, msaidizi 5,000 kwa siku, boda ya mzigo 2,000. Hivyo nalipa humohumo. Chapati sita hivi hubaki, tunakula nyumbani. Juzi nimekopa 300,000 za ada ya mtoto, narejesha 13,000 kila siku kwa siku 30. Kaka yangu anasema nikaze tu, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Je, bidii peke yake inatosha?
Mama Chapati, Dar es Salaam

JIBU: Haitoshi, dada. Anayeamka saa tisa usiku kwa miaka minne hana la kuongezewa kwenye bidii, na tusingependa mtu yeyote akwambie tena kwamba unalegea. Hata hiyo methali ya kaka yako, ukiisikiliza vizuri, anayegaagaa ufukweni ameahidiwa kitoweo tu. Chombo cha kuvulia hakikutajwa.

Tuanze na hiyo 23,000. Umetoa vilivyoingia jikoni, ukaviacha vinavyolipwa "humohumo". Kibanda, ukigawa kwa siku 26 za kazi, ni 2,000 kwa siku. Msaidizi 5,000, boda 2,000, chapati sita zisizouzwa 3,000. Jumla 12,000. Kilichobaki mkononi ni 11,000, na wewe mwenyewe bado hujajilipa.

Sasa weka mkopo. Marejesho hayapumziki Jumapili: 13,000 kwa siku 30 ni 390,000, na wewe unaitafuta kwa siku 26, kwa hiyo kila siku ya kazi inabeba 15,000. Una 11,000. Unapungukiwa 4,000 kwa siku, yaani 104,000 kwa mwezi, kabla hujanunua hata dagaa wa nyumbani. Pengo hilo linazibwa na hela ya unga. Mtaji ukiisha unakopa tena, na kila mtu anaona unafanya kazi kama punda.

Riba yenyewe usiihesabu kama 90,000 juu ya 300,000. Hiyo laki tatu hukai nayo mwezi mzima, maana kila siku unarudisha 10,000 ya deni lenyewe. Kwa wastani unadaiwa 155,000 tu. Riba ya 90,000 juu ya 155,000 ni karibu asilimia 58 kwa mwezi. Na ada, pamoja na umuhimu wake wote, haizunguki sokoni ikarudi na faida, kwa hiyo mkopo wa namna hii unaulipa kwa jasho tupu.

Nenda kwa mkopeshaji kabla hujachelewa hata siku moja, uombe 13,000 iwe 6,500 kwa muda mrefu zaidi, na jumla mpya iandikwe. Usichukue mkopo wa pili kulipa wa kwanza. Usimwachie mtu kadi yako ya benki. Omba uone leseni yake. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wakopeshaji wanatakiwa kuwa nayo. Ada ya mwakani ianze kuwekwa sasa kwenye kikoba, hisa kidogo kila wiki. Tafuta kikundi chenye sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na hesabu inayosomwa mbele ya wote. Uliza pia halmashauri kuhusu mikopo isiyo na riba ya vikundi, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu.

Turudi kwenye unga, maana hapo kuna hela yako imelala. Kilo moja ya unga ikikandwa kwa maji mililita 600 na vijiko viwili vitatu vya mafuta inatoa kinyunga cha gramu 1,640 hivi. Wewe unatoa madonge 11 kwa kilo, kila moja gramu 149. Ukitoa 12, kila donge ni gramu 137. Gramu 12 hazionekani kwa jicho, na mkono ukichoka alfajiri donge linanenepa lenyewe. Nunua mizani ndogo ya jikoni, pima kila donge. Kwa kilo 10 unapata chapati 10 zaidi, 5,000 kwa siku zikiuzwa zote, bila kuamka mapema hata dakika moja. Usishuke chini ya gramu 130: chapati inakauka ikipoa, na mteja wa kila siku anaijua.

Kitu kingine ni chuma cha kuchomea chapati. Kwa chuma kimoja, chapati ikichukua dakika tatu, 110 ni saa tano na nusu za kusimama motoni. Kuamka saa nane hakutaongeza wateja. Chuma cha pili, na msaidizi akisukuma huku wewe unageuza, kinakata muda huo karibu nusu. Muda utakaopata tumia kumuuzia mteja yuleyule chai: lita tano ni vikombe 20 vya mililita 250, na kibanda umeshakilipia.

Siku saba zijazo andika kila shilingi inayoingia na kutoka, na ujiwekee mshahara, hata 5,000. Chapati wanazokula watoto zikatwe humo.

SWALI: Bosi ananipa pikipiki. Nichague hesabu, yaani kumpelekea 8,000 kwa siku, au mkataba wa 10,000 kwa siku 364 za kazi kisha iwe yangu? Dukani taslimu ni 2,800,000.
Kijana wa boda, Morogoro

JIBU: Mkataba, mdogo wetu, kama masharti yameandikwa. Kwa hesabu utatoa 2,912,000 na pikipiki ibaki ya bosi. Kwa mkataba ni 3,640,000. Umelipa 840,000 zaidi ya bei ya dukani, lakini unabaki na chombo. Hakikisha karatasi inasema nani anabeba matengenezo makubwa, siku za ugonjwa zinasogezwa vipi, pikipiki ikiibwa deni linaishaje, na kadi ya pikipiki itabadilishwa jina lini. Saini mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kila malipo yawe na risiti au ujumbe wa simu, kwa sababu wapo wanaonyang'anywa mwezi wa mwisho, na asiye na ushahidi huanza upya.