Wadogo zangu wa banda la panya, someni kadi ya keji kwanza

Jana asubuhi nimeingia bandani, baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba mnaijua, nikamkuta dogo mmoja ametoka keji ya weusi anaingia keji ya weupe na glovu zile zile halafu anakinga mkojo wa mtihani wa kunusa, ule wa kuona kama panya wanatofautisha jeni za wenzao kwa harufu ya mkojo. Nikameza mate nikatoka nje. Nawapenda wote ila haya makosa kila mwaka yanarudi, leo nayasema.

1. Glovu, kila keji mpya. Tone la mkojo wa dume mmoja likibaki kidoleni umeshachanganya madume wawili.

2. Chakula kiwe kimoja kwa makundi yote, chakula kinabadili harufu.

3. Maranda. Yale ya paina yanayotoka Mafinga yananukia vizuri, mtu akiingia anasema banda lenu safi jamani, lakini ule mvuke wa utomvu unaamsha vimeng'enya vya ini, na protini za MUP zinazobeba harufu kwenye mkojo zinatengenezwa hapo hapo kwenye ini, sasa wewe unapima jeni au unapima mbao? Yakaushwe kwa moto mkali kwanza, na yasichanganywe katikati ya kazi.

4. Kadi. Hapa naomba mnisikilize.

Nilikuwa na madume weusi wa B6, ukoo wa panya wa maabara, na ndugu zao wa B6-H-2k, wanafanana kila kitu isipokuwa H-2, zile jeni za kinga za kromosomu ya 17. Kazi ya kina Yamazaki na Boyse ya 1976 kule Marekani mnaijua, dume akiwekewa majike wawili waliotofautiana H-2 tu, mara nyingi anamfuata yule asiyefanana naye. Mimi nilitaka kitu kidogo tu, panya wangu wajifunze kwenye bomba la njia panda kutofautisha mikojo ya makundi hayo mawili, wakipatia wanapewa tone la maji. Wiki na wiki nafundisha, Jumapili watu wako kanisani mimi niko na panya. Wakaanza kupatia, wakapatia tena, yaani karibu hawakosi. Nikampigia mama Tukuyu nikamwambia imekubali, hakuelewa imekubali nini ila alishukuru Mungu na mimi nikalia.

Siku ya semina nikamaliza kuwasilisha, watu wakapiga makofi. Mzee anayesafisha banda alikuwa amekaa nyuma, akanyoosha mkono taratibu: "Mwanangu, hawa wa H-2k si ndo walichomwa chanjo kwa ajili ya praktiko ya wanafunzi?" Ukumbi ukanyamaza. Tukaenda bandani, kadi iko pale, tarehe na saini, siku 9 kabla sijaanza kukinga mkojo. Niliipita kila siku.

Na nilikuwa nimesoma! 2014 watafiti kina Kimball na Beauchamp walishaonyesha kwamba panya waliofundishwa wanaweza kumjua mwenzao aliyechanjwa kichaa cha mbwa kwa kunusa mkojo tu. Kinga ikiamka harufu inabadilika, hata bila ugonjwa wowote. Kwa hiyo panya wangu inawezekana walinusa H-2, inawezekana walinusa chanjo, inawezekana vyote, na data zangu zote hazikuwa na uwezo wa kutenganisha. Miezi mitatu ikaenda. Kilichoniuma zaidi ni wale panya, niliwakalisha na kiu kila siku kwa swali ambalo halikuweza kujibiwa.

Yule mzee hakunisema hata neno. Aliniletea chai ya tangawizi akakaa pembeni tukaanza kuandika upya daftari la banda, keji moja moja, nani kachomwa nini na lini. Ndo hilo daftari la jalada la bluu mnaloliona mlangoni na hamlijazi.

5. Mgonjwa mtoe kwenye kundi, akinyong'onyea tu, sababu ni hiyo hiyo.

6. Pafyumu siku ya mtihani hapana, hata kidogo.

Kesho saa mbili asubuhi nipo bandani, tunapitia kadi zote pamoja, kila mtu aje na peni yake.